Uzi Ukikatwa, Tundu Hubaki

3 Machi

Pini mjukuu wangu,

Barua yako imefika. Miezi miwili kimya, halafu kurasa nne kwa mkupuo, kama bomba lililoziba likazibuka.

Nimeisoma ninavyosoma siku zote, kidole chini ya neno. Mara ya kwanza nilisoma nipate habari zako. Mara ya pili nilichukua chaki ya kitambaa, nikaweka alama mezani kila nilipokutana na yule mwanamke. Bibi Miwani kasema hivi. Bibi Miwani kacheka vile. Bibi Miwani huja kazini na chai yake kwenye chupa. Alama kumi na moja. Mimi nimetajwa mara tatu, na moja ni salamu.

Sasa nikuulize, mtu ana bibi wangapi? Mama wa mama yako ni mimi. Mama wa baba yako alifariki hujaota meno, Mungu amrehemu, naye hatukuwahi kugombana kwa sababu alijua mipaka yake. Huyu wa tatu katokea wapi? Mama yako alipokuwa anashinda kiwandani, nani alikulea chini ya meza ya kukatia, ukila vipande vya chaki na kukohoa vumbi la rangi? Alikuwa Miwani?

Usiniambie nikupigie simu. Kwenye simu unasema "ndiyo bibi, ndiyo bibi" na nasikia vidole vyako vinagonga kitu kingine. Barua hata ukidanganya ndani yake inabaki, nami naweza kukuonyesha.

Cherehani inaendelea. Yule dereva mstaafu, Pipa, ameongezeka tumbo tena na anasema nguo zangu zinasinyaa. Nimemwambia kitambaa hakili wali saa nne asubuhi, anayekula ni yeye.

Niandikie hiyo kazi yako ni nini hasa. Watu wananiuliza, nami nasema "anaandikia mashine", wanatingisha vichwa kama wameelewa. Sitaki kuendelea kuwa mjinga pamoja nao.

Bibi yako, wa pekee


15 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimecheka mpaka wenzangu wameniuliza nina nini. Alama kumi na moja za chaki. Samahani, Bibi. Huku ofisini wote tunamwita bibi kwa ajili ya mvi zake, ni utani tu.

Kazi yangu ni hii. Tunatengeneza programu ya mafundi nguo. Fundi anafungua kadi ya mteja kwenye mashine, anaandika vipimo, na mashine ya kukata inakata kitambaa. Sasa, programu nyingi hutaka kuambiwa mapema, kabla hazijaanza kazi, kadi itakuwa na mistari gani: kifua, kiuno, urefu, basi. Akija mteja mwenye jambo lisilokuwemo, fundi amekwama. Sisi tunataka kadi inayozaliwa mashine ikiwa tayari kazini, mteja akiwa amesimama pale pale. Fundi akihitaji mstari mpya, anaufungua. Lakini kila mstari lazima ujue unabeba kitu cha aina gani, namba au maneno au ndiyo na hapana, la sivyo mashine itajumlisha kiuno cha mtu na jina lake.

Na lugha tunayoandikia programu ina tabia yake. Ndani yake kitu kikishaandikwa hakifutwi. Kiuno kikiongezeka, unatengeneza kadi mpya kutokana na ile ya zamani, na ya zamani inabaki vile vile. Bibi Miwani alinieleza hilo siku ya kwanza, nikaelewa papo hapo. Wenzangu iliwachukua wiki.

Sasa ombi. Nahitaji kadi za watu wa kweli, nyingi, zenye mambo ya ajabu ajabu, ili niijaribu programu. Nimekumbuka sanduku lako la kadi za wateja. Nitumie kwa basi, nitalirudisha kama lilivyo. Kitu kimoja tu: zile nyuzi za pambo ulizoshonea pembeni mwa mistari, ukizitoa itasaidia. Zinafanya kadi zisilale vizuri kwenye mashine ya kupiga picha.

Tarehe 20 Mei watu wa viwanda vya nguo wanakuja kuiona programu ikifanya kazi. Siku hiyo ndiyo miezi yangu ya majaribio inaisha. Ikikubali, nabaki. Ikikataa, narudi nyumbani na begi langu.

Pini


24 Machi

Pini,

Ulielewa papo hapo. Wenzako wiki nzima, wewe papo hapo. Hujajiuliza kwa nini?

Basi nikukumbushe. Una miaka saba. Umechukua kifutio umefuta kiuno cha mwalimu wa kwaya kwa sababu kimekuwa kikubwa. Nikakupiga vidole kwa rula ya mbao, nikakwambia kiuno cha zamani cha mtu si kosa, ni habari yake. Kaandike kadi mpya, ubane juu ya ile ya zamani kwa pini. Kazi ya kubana ikawa yako tangu siku hiyo, na jina ukalipata hapo. Leo mwanamke mwenye chupa ya chai anakueleza kitu kile kile kwa maneno ya kizungumkuti, na wewe unaniandikia kana kwamba ameteremka nacho mlimani.

Na hiyo kadi inayozaliwa mteja akiwa amesimama. Mimi tangu lini nimekuwa na kadi zilizochapwa? Natoa karatasi ngumu tupu, namtazama mtu. Mtu akiwa na bega moja chini, nafungua mstari wa bega. Yule nesi anayetembea huku anajikuna, nilimfungulia mstari "hapendi sufi". Hakuna mwingine duniani mwenye mstari huo. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilikuwa na macho.

Sanduku silitoi. Wale ni watu, wengine wamekwisha kufa, na hawakuvua koti mbele yangu ili wakapigwe picha na Miwani.

Halafu umesema "pambo". Neno hilo nimelisoma mara mbili nikaliwekea kidole. Sawa. Pambo.

Mvua imevuja juu ya dirisha. Nimeweka ndoo.

Bibi yako


2 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nimesoma. Kila ulichosema ni kweli, na nilipaswa kukisema mimi kabla yako. Nisamehe.

Lakini muda unanikimbia. Kadi nilizobuni mwenyewe hazina maana: kila mtu niliyembuni ana mabega sawa na shingo katikati. Meneja amesema wiki ijayo nisipokuwa na kadi za kweli atampa kazi hii mtu mwingine. Usijali kama unaona vibaya kulitoa sanduku, nimekuelewa. Bibi Miwani ana shangazi yake aliyekuwa fundi, amesema anaweza kutupatia kadi zake. Tutatumia hizo.

Jitunze, na huyo fundi paa aje, usipande mwenyewe.

Pini


9 Aprili

Pini,

Sanduku hilo kwenye basi la asubuhi. Kadi mia moja na kumi na mbili, nimezihesabu mara mbili, na za chini zimebanwa na za juu kama kawaida. Shangazi wa Miwani abaki na zake. Kadi za mtu aliyeacha kushona zitakuwa zimejaa nini, vipimo vya mizimu?

Nyuzi nimezitoa zote, kama ulivyotaka. Zisije zikawasumbua.

Kuna kitu cha kuniuliza? Hapana, nadhani. Mna wataalamu huko.

Bibi yako


27 Aprili

Shikamoo Bibi,

Sanduku lilifika salama, na hata sabuni uliyoweka ndani ili kadi zinukie vizuri. Asante.

Lakini mambo hayakwenda vizuri. Nilidhani itakuwa rahisi: mashine ione tarakimu ijue ni namba, ione herufi ijue ni maneno. Tukaingiza kadi zako zote. Kadi zilizaliwa, mistari ikafunguka, hata ule wa nesi na sufi. Nikafurahi kama mtoto. Jana tukakata koti la majaribio kwa kadi ya Pipa, mbele ya meneja.

Bibi, sijui nikueleze vipi. Kola ilitoka na urefu wa inchi mbili. Inaweza kumtosha kuku. Bega la kushoto limeshuka inchi moja, la kulia halijashuka, na mfuko mmoja umekuwa mdogo kiasi cha kuingia kidole gumba tu. Watu walicheka. Meneja hakucheka.

Kwenye kadi yako imeandikwa "kola 2", na "bega la kushoto 1". Nimekaa nazo siku nzima. Labda Pipa alikuwa na koti la namna hiyo? Labda uliandika kwa haraka? Nimebakiwa na siku ishirini na tatu, na sijui kosa liko kwenye programu au kwenye kadi. Sikulaumu. Nauliza tu.

Pini


28 Aprili

Kwa fundi, bibi yake Pini,

Shikamoo mama. Hunijui, ingawa nasikia umenihesabu kwa chaki. Mimi ndiye mwenye miwani. Mjukuu wako hajui kwamba ninakuandikia.

Jana jioni wenzangu walipoondoka nilibaki na kadi zako. Macho yangu ni mabovu, kwa hiyo kila kitu nakitazama kwa lenzi, hata chumvi. Nikaona kwamba pembeni mwa kila mstari kuna matundu ya sindano. Nikamuuliza Pini, akasema palikuwa na nyuzi za pambo, alikuomba uzitoe. Mama, mimi sijui kushona hata kifungo, lakini najua mtu hashoni pambo mara elfu moja kwenye karatasi ngumu. Kuna mistari yenye matundu mawili yaliyolala, mingine mawili yaliyosimama, mingine tundu moja tu. "Kola 2" ina matundu yaliyosimama. "Kifua 48" yamelala. "Bega la kushoto" lina tundu moja, na ile niliyodhani ni 1 sasa naiona ni kijistari tu.

Wewe ulikuwa umekwisha kuupa kila mstari aina yake, tangu mstari wenyewe ulipozaliwa. Ndicho kitu tulichokuwa tunakihangaikia hapa mwaka mzima. Na ulipoombwa ukitoe, ukakitoa bila kusema neno.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na nikakasirika sana. Nilitaka kumwambia Pini. Kisha nikajiuliza, mimi ningefanya nini?

Kwa sababu, mama, huku nako si shwari. Miezi mitatu nasikia "bibi yangu". Nikimfundisha jambo, bibi yangu naye hufanya hivyo. Nikikunja shawli langu, bibi yangu hakunji hivyo. Siku moja alileta vitumbua, nikavisifu, akasema vya bibi yake ni bora. Sina mtoto, sina mjukuu. Ofisini waliponiita Bibi walikuwa wanazitania mvi zangu. Aliponiita yeye, nilijifanya sikusikia ili arudie.

Shangazi fundi sina. Nilimwambia hivyo ili akuandikie hivyo. Nilikisia kwamba sanduku lisingetoka kwa kubembeleza.

Tafadhali nieleze matundu. Ukikataa nitakuelewa, lakini atakayerudi nyumbani na begi hatakuwa mimi.

Mwenye miwani


4 Mei

Kwa Miwani,

Marahaba. Umeniamkia, kwa hiyo najua u mdogo wangu, na nitasema nawe hivyo.

Kwanza, shangazi. Umenichezea nami nimechezeka, mwanamke mzima nimebeba sanduku kichwani mpaka kituo cha basi kwa sababu ya shangazi asiyekuwepo. Hilo sijakusamehe. Nimelicheka, lakini sijakusamehe.

Pili, barua yako nimeisoma mara tatu. Kwamba unaona kijicho, nimefurahi. Nilidhani ninakufa nacho peke yangu. Ningekuwa mtu mwema ningekuonea huruma. Nimekuonea kidogo, pale kwenye kujifanya hukusikia. Hila hiyo naijua. Mtoto yule aliponiita "bi" mara ya kwanza, kabla hajaweza kumalizia, nilimwambia "eeh?" mpaka chakula kikaungua.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu, na yeye usimwambie.

Nilianza kushona sijui kusoma. Namba nilizijua, ziko kwenye utepe, zinakutazama kila siku. Maneno aliniandikia mume wangu akirudi kazini. Mimi nataja, yeye anaandika. Kesho yake nakaa mbele ya kadi, sijui mstari upi ni wa kupima na upi ni wa kusema. Siku moja nikamkatia mwanamke mmoja mkono wa gauni kwa namba ya kola. Nikalia, kisha nikachukua sindano. Tangu hapo, mume wangu akiwa bado anaandika mstari, mimi natia uzi pale pale, wino haujakauka. Mweusi, matundu mawili yamelala: kipimo, pima. Mwekundu, yamesimama: ni maneno au jina la kitu, usipime. Kola namba mbili ni ile picha ya pili ukutani kwangu, mviringo. Mweupe, tundu moja na fundo: ndiyo au hapana. Kijistari ni ndiyo. Pakiwa patupu ni hapana. Kuna mwaka uzi mwekundu haukupatikana, nikatumia uliopo, kwa hiyo rangi usiiamini sana. Amini matundu.

Mume wangu alipofariki nilikuwa na miaka hamsini na mitatu na kadi tupu. Pini alikuwa anasoma darasa la kwanza, akifanya kazi zake za shule upande wa pili wa meza. Nilijifunza naye, herufi zikiwa zimenigeukia kichwa chini. Mpaka leo karatasi ikigeuzwa nasoma upesi zaidi. Yeye anadhani nilikuwa namsimamia.

Kwa hiyo aliposema pambo, roho iliniuma. Nilisema moyoni, haya, mpelekee Miwani wako karatasi, uone kama zinasema. Nikakaa na mkasi mchana kutwa. Nilipofika kadi ya sitini niliuweka mkasi chini, kisha nikauchukua tena. Lakini nilijua uzi ukikatwa tundu hubaki. Usiniulize kama nilijua wakati nakata au nilijua baadaye.

Kijana wangu atakosa kazi kwa mkono wangu? Hapana. Nyuma ya barua hii nimeandika zile kadi kumi na nne ambazo karatasi imechakaa na matundu yamechanika. Zote nazikumbuka. Ziandike kama nilivyotaja.

Nawe ulikuwa na macho. Mabovu, lakini unayatumia. Yule ana macho mazuri na alizikalia nyuzi zangu miaka ishirini.

Fundi


23 Mei

Shikamoo Bibi,

Nimebaki. Wamenipa meza yenye dirisha.

Nianze mbali kidogo. Bibi Miwani alinijia na karatasi yenye mistari mitatu: yamelala, yamesimama, moja. Hakusema aliipata wapi, lakini nilimwona anakunja barua yenye mwandiko ninaoujua kuliko wangu. Nilikwenda chooni nikalia. Kwanza kwa aibu, kwa sababu nilikuomba wewe, kwa maandishi, ukate kitu hicho. Halafu kwa hasira, kwa sababu ulijua na ukaniacha niaibike mbele ya meneja na kola ya kuku. Zote mbili bado ninazo. Nimeona nikwambie, wewe hupendi mtu afiche.

Kisha tukafanya kazi wiki mbili. Tuliacha kuifanya mashine ibahatishe. Sasa fundi akifungua mstari mpya, kabla hajaandika chochote, mashine inamuuliza mstari huu una uzi gani, na uzi unashonwa hapo hapo, na hautoki tena. Ukitaka kuweka jina palipo na uzi wa namba, kadi inakataa kuzaliwa. Inasema kosa liko mstari gani, na kadi ya zamani inabaki salama chini yake. Tumeuita uzi hata ndani ya programu. Mgeni mmoja wa kiwandani aliuliza uzi ni nini, Bibi Miwani akajibu, "Ni jambo la fundi mmoja, sisi tumeliazima."

Tulikata koti la Pipa mbele yao. Kola mviringo, bega la kushoto limepandishwa kwa pedi. Ninalileta mwenyewe, nataka kuona uso wake akikuta halijasinyaa.

Lakini kuna kitu kinanikera. Nimemuuliza nyuzi zilianzaje, wewe ulizibuni vipi. Anajua, namwona usoni. Anasema, "Hilo si langu, muulize mwenyewe." Leo mchana alikuwa anacheka peke yake, nikamuuliza kuna nini, akasema, "Bibi yako." Tangu lini nyinyi wawili mna siri? Mimi ndiye mjukuu. Mimi ndiye niliyewajulisha. Na amenijulisha bila haya kwamba barua yako kwake ilikuwa ndefu kuliko zote ulizoniandikia mimi. Amepima.

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi na sanduku.

Pini


1 Juni

Pini mjukuu wangu,

Donge limekukaa kooni, eeh? Vizuri. Limeze polepole, mimi langu lilinichukua miezi mitatu.

Habari ya kubaki nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sikumwambia mtu mpaka jioni, nilitaka iwe yangu kwanza. Kisha nikamwambia mwenye duka la vifungo, na sasa inajulikana mpaka kwa watu ambao hawakuuliza.

Kola ya kuku ni yangu. Nilikukosea. Nimeliandika neno hilo na unajua huku kwangu hakuna kifutio, basi litunze, hutalipata jingine.

Nyuzi zilianzaje, nitakwambia ukija. Utakaa upande ule ule wa meza uliokuwa unakaa na vitabu vyako, nami nitakaa upande wangu, na hutacheka. Ulete barua zangu zote, nataka kuziona.

Umesema utakuja na sanduku. Sanduku ni zito. Mwambie Miwani akushike upande mmoja. Sijasema namwalika, nimesema sanduku ni zito. Akiwa hapa atasimama mbele yangu kama watu wengine, kwa kuwa mwanamke anayekunja shawli vibaya mpaka mtoto mdogo anaona, hiyo maana yake ni kwamba hajawahi kushonewa nguo inayomkaa.

Kadi yake nimekwisha kuifungua. Karatasi mpya. Kifua, kiuno, mkono, uzi mweusi, mitupu, nasubiri utepe. "Rangi anayopenda", uzi mwekundu, mtupu. "Anahitaji mfuko wa lenzi", uzi mweupe, hapo nimeweka kijistari, hilo halihitaji kuuliza.

Halafu nikafungua mstari mmoja zaidi, ambao hakuna mwingine duniani anao. "Ni bibi wa Pini." Uzi mweupe, tundu moja, fundo. Nikakaa nao na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Kijistari sikuweka. Lakini kadi haijabanwa sandukuni bado, iko hapa mezani, na kalamu iko juu yake.

Njooni mapema, kabla jua halijahama dirishani. Nataka kumpima nikiwa namwona vizuri.

Bibi yako